HISTORIA YA TREKTA LETU, NA JINSI INJINI YAKE ILIVYOFUNGULIWA UANI KWANGU



Kamati ya maadhimisho ya miaka kumi iligawa kazi. Katibu ameandika habari za hisa na mikopo, mweka hazina ameandika hesabu, na mimi Mwenyekiti nikaambiwa niandike historia ya trekta. Nikasema jamani, mie nimeishia darasa la saba mwaka 1983, historia nitaiweza wapi? Wakasema, mama, wewe ndiye uliyelala na hiyo injini uani miezi mitatu na zaidi, andika. Basi naandika. Penye kosa la herufi mnisamehe. Penye kosa la mambo tuliyoyatenda nitalieleza jinsi lilivyokuwa, maana historia ya kusifiana tu hata mtoto anaweza kuiandika.

Kwanza niseme kwamba trekta hapa Kongwa halikuanza na sisi. Wapo vijana wanaodhani mashine imeletwa juzi na akina mama wa kikundi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na shida kubwa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa ikatoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, na mwaka 1947 kazi ikaanza hapa kwetu Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya eka milioni tatu kwa muda wa miaka sita. Matrekta mapya yalikuwa adimu wakati ule, kwa hiyo wakanunua mengi yaliyotumika, yaliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino. Mengine yalikuwa vifaru vya vita aina ya Sherman, vilivyoondolewa mizinga na kampuni ya Vickers vikageuzwa kuwa vya kung'oa visiki.

Babu yangu mzaa mama aliajiriwa humo akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa spana boi, yaani kumpa fundi spana, kuosha vyuma na kuchota maji. Mzungu akisema ishirini na mbili, babu alijua spana ipi, ingawa kusoma alikuwa hajui. Alituhadithia sana jioni. Udongo wa Kongwa mnaujua wenyewe: mvua ikinyesha unateleza, kiangazi kikiingia unakuwa kama saruji, na ndani yake mna mchanga mkali unaokula chuma. Majembe ya mashine yalilika kama sabuni. Mibuyu nayo iliwashinda, maana ukiisukuma kwa kifaru mbuyu unakutazama tu. Lakini babu alikuwa akisema kwamba mashine za wale Wazungu hazikuuawa na mibuyu, ziliuawa na vumbi. Madereva walifundishwa haraka haraka jinsi ya kuziendesha, wala si jinsi ya kuzitunza, na haukupita mwaka zikawa zimejipanga uwanjani zinangoja vipuri ambavyo haviji.

Mwaka ule wa kwanza walitaka kulima eka 150,000, hawakufikisha hata 10,000. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi, paundi zaidi ya milioni 36 zikiwa zimekwenda. Hapa kwetu yakabaki majengo, barabara, na vyuma vilivyoota kutu. Babu alibaki na spana moja, ile ishirini na mbili. Usiniulize aliipataje. Ninayo mpaka leo na imetumika katika kazi nitakayoieleza.

Baada ya Uhuru matrekta yalirudi kwa sura nyingine. Katika mpango wa kwanza wa miaka mitano ulioanza 1964, Serikali ilianzisha vijiji vya makazi mapya vilivyopewa mashine, na mwaka 1966 ikaachana na mpango ule kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa kuliko mazao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika habari za ujamaa vijijini, akasisitiza tuanze na uwezo tulio nao wenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wakati wa vijiji na wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974, na nakumbuka trekta la kijiji tulilokuwa tunalikimbilia. Lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa na mwenyewe. Kila aliyelihitaji alilipanda, na kila aliyeshuka aliliacha lilivyo. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikawa hadithi, likasimama chini ya mkwaju, kuku wakataga juu ya kiti. Basi ukiona mzee wa rika langu anacheka akisikia trekta la kikundi, usimlaumu. Ameyaona.

Sasa nije kwetu. Kikundi kilianza Januari 2015 tukiwa akina mama 26, hisa moja shilingi 2,000, sanduku la chuma lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu wasiokaa nyumba moja. Katika miaka minne ya mwanzo tulikopeshana kwa ajili ya mbegu za alizeti, ada za watoto na mitaji midogo ya kuuza vitunguu barabarani. Lakini kila mwaka mwezi Novemba fedha zile zile zilitoka kwenye sanduku zikaenda kwa wenye matrekta. Mwenye trekta anaanza na mashamba ya wenye eka hamsini, sie wa eka mbili tatu anatufikia Januari katikati, mvua imekwisha kupita nusu. Na mvua yetu ni moja tu kwa mwaka. Ukichelewa wiki tatu umekula hasara.

Mwaka 2019 tukasikia kuna mzee anauza trekta bovu, Massey Ferguson 135. Alitaka milioni saba, tukamaliza kwenye milioni tano na laki nane. Kikao kilikuwa kikali. Waliotaka walikuwa kumi na watano, waliokataa kumi na mmoja, na mmoja wa waliokataa alisimama akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mnanunua kaburi, halafu mtatafuta maiti wa kulitia." Huyo mama nitamtaja tena mbele.

Niseme kidogo habari za trekta lenyewe, maana watoto wa shule wanaokuja kulitazama huuliza. Aina hii ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1964 na kuendelea hadi 1975. Kiwanda kile kilitoa matrekta zaidi ya milioni tatu ya aina mbalimbali kabla hakijasimama mwaka 2002. Asili yake ni kazi ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyebuni ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba jembe na kulinyanyua kwa nguvu ya oili. Kabla ya hapo jembe lilikuwa likikokotwa tu kama mzigo, na likigonga kisiki trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson aliungana na kampuni ya Massey-Harris mwaka 1953. Injini ni ya Perkins wa Peterborough, silinda tatu, lita mbili na nusu, dizeli. Na kwa bahati yetu mashine za ukoo huu zimetengenezwa pia India na Pakistani, ndiyo maana vipuri vyake havijakoma madukani, vya kweli na vya uongo.

Misimu miwili ya kwanza trekta lilisukumwa sukumwa. Tulibadilisha betri, tukaziba rejeta, likalima. Lakini lilikuwa linakula oili kuliko dizeli, moshi wa bluu unauona toka ng'ambo ya bonde. Mwezi Agosti 2021 likagoma kabisa kuwaka, hata kwa kulivuta na lori. Tukamwita fundi mmoja mzee aliyekuwa amestaafu kazi za ranchi. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaomba lizungushwe kwa stata. Moshi ukatoka pale kwa pumzi pumzi kama birika linalochemka. Akasema, "Mama Mwenyekiti, humu ndani pistoni na silinda hazishikani tena. Upepo unapita pembeni. Hii ni kufungua yote."

Kisha akafungua chujio la hewa. Kwenye trekta hili hewa hupita kwanza juu ya kibakuli chenye oili, ili vumbi linaswe humo. Kile kibakuli kilikuwa hakina oili. Kilikuwa na udongo mkavu, umeganda, ungeweza kupanda mchicha. Kwa misimu miwili sisi wenyewe, na sijui mingapi ya mwenyewe wa kwanza, injini ilikuwa inavuta vumbi la Kongwa mbichi, na mchanga ule ukasaga silinda kama mtu anayesaga kwa jiwe. Nilimkumbuka babu, nikaona haya.

Gereji ya mjini ilitaka milioni nne kwa kazi yote. Hatukuwa nazo. Fundi akasema tukikubali kazi ifanyike nyumbani, tuwe wasaidizi wake wenyewe, tukalipie tu vile visivyofanyika bila mashine kubwa, itafika kama milioni moja na laki tisa. Uwanja wangu una mwarobaini mkubwa na ukuta upande wa upepo. Ndivyo trekta lilivyokuja kulala kwangu. Mzee wangu alitazama, akasema anatumaini halitaomba chai.

Trekta hili halina chesisi kama gari. Bloku ya injini yenyewe ndiyo mgongo: mbele imebeba ekseli, nyuma imefungwa kwenye giaboksi. Jambo hili lilianza zamani na matrekta ya Fordson ya Henry Ford mwaka 1917. Maana yake ukitaka kutoa injini unalikata trekta vipande viwili, nusu ya nyuma inabaki imesimama juu ya magogo, na ya mbele unaisogeza kwa matairi yake. Siku ile walikuja watu wengi kutazama. Kabla ya hapo tulimwaga maji na oili, tukatoa boneti, tangi la dizeli, rejeta na nyaya. Kila boliti ilitiwa kwenye kopo lake. Katibu aliandika kwenye makopo kwa chaki: "rejeta", "stata", "sijui". Kopo la "sijui" lilituletea taabu baadaye.

Lile bakuli la oili la chini ni la chuma cha kusubu, zito ajabu, wanawake wanne tulilibeba. Baada ya siku mbili kuku wangu alitaga humo.

Silindahedi ilipotoka tuliona wenyewe. Fundi alinishika kidole akanipitishia juu ya silinda, pale ringi inapogeukia. Palikuwa na kingo kama ya sufuria. Juu ya kingo ni upana wa zamani, chini yake ndipo palipoliwa. Pistoni zikatoka moja moja, ringi zake nyembamba, nyingine zimevunjika. Mwisho ikatoka krenki, ule mhimili unaopokea nguvu za pistoni zote na kuzigeuza mzunguko. Ilikuwa na mikwaruzo kwenye shingo zake.

Bloku na krenki vilikwenda Morogoro kwa lori la mahindi. Bloku ilikamuliwa slivu za zamani zikasukumwa mpya tatu. Krenki ilichongwa. Hapa naomba msomaji anifuate vizuri, maana ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa. Shingo za krenki zinazungukia ndani ya vikombe vyembamba ambavyo mafundi huviita metali. Ukichonga krenki inakuwa nyembamba, kwa hiyo metali mpya lazima ziwe nene kwa kiasi kile kile. Vipimo ni kumi, ishirini na thelathini, yaani sehemu hizo za elfu moja ya inchi. Yetu ilichongwa ishirini. Basi na metali lazima ziwe ishirini, na namba hiyo hugongwa mgongoni mwa kila kikombe, siyo kwenye boksi peke yake.

Wakati bloku iko Morogoro sisi tulibaki na silindahedi na valvu zake sita. Fundi alituonyesha kusaga valvu: unapaka unga wake wa mafuta kwenye ukingo, unatia kijiti chenye mpira wa kunyonya, unakisokota kwa viganja viwili kama unawasha moto wa kupekecha, unainua kidogo, unageuza, unarudia. Loo, kazi hiyo tuliiweza kuliko yeye! Mikono iliyosaga uwele tangu utoto inajua wapi pameshikana na wapi bado. Tulikaa kwenye mkeka sita, kila mmoja na valvu yake, tukaimba. Ukimaliza unaona mstari wa kijivu umezunguka bila kukatika. Kisha tuligeuza hedi tukamimina mafuta ya taa, tukaacha usiku kucha. Asubuhi halikuvuja hata tone. Fundi akasema amewahi kufanya kazi na vijana wa chuo ambao hawakufikia hapo. Nimeiandika sifa hiyo kwa kuwa ni ya akina mama, si yangu. Valvu yangu mimi ilirudiwa mara mbili.

Bloku iliporudi tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha tukapitisha waya wenye kitambaa katika kila njia ya oili, maana vumbi la kuchonga likibaki mle litarudi kukwaruza vipya. Tukaifunika kwa shuka zangu mbili nzuri. Upepo wa Oktoba mnaujua.

Sasa nieleze kosa. Metali na gasketi zilinunuliwa dukani, na duka silitaji. Aliyekwenda kununua ni mimi na mweka hazina. Boksi la metali za konrodi liliandikwa 020. Bei ilikuwa chini ya duka la jirani kwa shilingi elfu sitini, tukafurahi, tukanunua na soda. Tarehe 27 Novemba mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki, na wanachama walikuwa wananipigia simu tangu alfajiri: mama, trekta lini, mama, majirani wameanza kulima. Fundi alitaka tulale, tufunge asubuhi kwa mwanga. Mimi nikasema hapana mzee wangu, tumalizie leo. Nilishika taa. Nilimpa metali moja moja nikizifuta kwa kitambaa. Mgongo wa kila moja ulipita mbele ya macho yangu, na mimi namba nazijua.

Injini ilifungwa. Alama za gia za mbele zilikutanishwa nukta kwa nukta, valvu zikapimwa nafasi ya kumi na mbili za elfu ya inchi injini ikiwa baridi, oili karibu lita saba. Tulivuta kizimio ili dizeli isiingie, tukazungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikanyanyuka, ndipo tukatoa hewa kwenye pampu na kulegeza nati za nozeli mpaka dizeli ikaja bila mapovu. Likawaka! Akina mama walipiga vigelegele mpaka watoto wa jirani wakaamka. Dakika kumi na tano baadaye, lilipopata moto, geji ikaanza kushuka. Kisha ukasikika mlio ndani, ko, ko, ko, kama mtu anagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Fundi alirukia kizimio. Alikaa chini akanyamaza.

Tulipofungua tulikuta konrodi ya pili imevaa metali zenye namba 010. Kwenye boksi la ishirini mlikuwa na jozi moja ya kumi. Nafasi ilikuwa kubwa mno, oili ikamwagika badala ya kushikilia, shingo ya krenki ikakwaruzika. Sasa ilibidi ichongwe tena, thelathini, na metali za konrodi zinunuliwe zote upya. Mwenye duka alisema mzigo ukishatumika haurudishwi. Yote pamoja na usafiri na oili mpya ilikuwa shilingi 610,000.

Mfuko wa trekta ulikuwa mtupu. Katika sanduku kulikuwa na mfuko wa jamii, zile mia tano tano za kila kikao ambazo katiba yetu inasema ni za ugonjwa na msiba tu. Zilikuwa 640,000. Usiku ule niliwaendea wenye funguo, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia kwamba tutazirudisha tukilima eka kumi na tano tu, hakuna haja ya kuwasumbua wanachama kwa kikao. Walinikubalia kwa sababu mimi ni Mwenyekiti. Tulifungua sanduku watu wanne bila kikao. Halikuwa kosa la fundi, wala la mwenye funguo. Lilikuwa langu.

Siku ya tisa mtoto wa mwenzetu aliugua malaria kali, akazidiwa, akatakiwa kupelekwa hospitali kubwa usiku. Mama yake alikuja mlangoni kwangu saa tano akiwa na kadi yake ya kikundi mkononi. Ndiye yule aliyesema habari za kaburi na maiti. Nilimpa elfu thelathini zilizobaki na elfu ishirini zangu. Nikalazimika kumwambia nyingine ziko wapi. Hakupiga kelele. Alitazama uani, pale injini ilipokuwa imefunikwa shuka, akaondoka. Aliuza mbuzi wawili na mbegu ya alizeti aliyokuwa ameweka, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mtoto alipona, namshukuru Mwenyezi Mungu, na sasa yuko sekondari. Lakini mama hakuja kikao kilichofuata, na kingine akamtuma mtu achukue hisa zake.

Katika kikao kile nilisimama nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Niliweka ufunguo wa ofisi mezani. Wanachama walijadiliana mimi nikiwa nje, wakaamua nibaki, nilipe faini ya 100,000, na kwamba tangu siku hiyo mfuko wa jamii ukae katika sanduku lake peke yake na funguo zake. Katika kijitabu hiki mtaona katibu ameandika "marekebisho ya katiba, Desemba 2021". Ni hayo.

Kufunga mara ya pili tulifunga mchana. Kila metali ilisomwa kwa sauti na watu wawili, mgongoni, kabla fundi hajaipokea. Kila ringi ilitiwa kwanza ndani ya silinda peke yake ikapimwa uwazi wa ncha zake. Boliti za silindahedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu tatu, kama kitabu kinavyotaka, na katibu alikuwa akitia alama. Kila tukikaza konrodi moja tulizungusha krenki kwa mkono kuona kama inazunguka laini. Lile kopo la "sijui" lilitoa boliti mbili ambazo hadi leo sijui zilikuwa za wapi, lakini trekta halijazidai. Tarehe 22 Desemba likawaka, tukaliacha lingurume, geji tumeikodolea macho akina mama kumi na moja bila kusema neno. Lilipata moto, sindano ikabaki juu.

Msimu huo tulianza kulima tukiwa tumechelewa, Januari 3, na tulifikisha eka 88. Mfuko wa jamii ulirudishwa wote mwishoni mwa mwezi ule. Tangu hapo injini haijafunguliwa tena. Kibakuli cha chujio cha hewa kinaoshwa kila jioni ya siku ya kulima na mwenye zamu anatia sahihi daftarini. Asiyetia sahihi anatozwa elfu tano, na mimi nimewahi kutozwa.

Yule mwenzetu aliyeondoka nilimfuata nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili tulizungumza habari za mvua. Mara ya tatu nilimwomba radhi wazi wazi, akasema amesikia. Mwaka 2023 mwezi Desemba alikuja uwanjani asubuhi mapema, akaandikisha eka zake mbili kwenye foleni kama mteja yeyote asiye mwanachama. Nikamwambia dada yangu, wewe ni mwanzilishi, bei yako ni ya mwanachama. Akasema hapana. Alihesabu fedha, 100,000 taslimu, akasubiri mpaka nimwandikie risiti, akaisoma yote, akaikunja akaitia kwenye kanga yake. Jina lake lipo katika orodha ya waanzilishi, namba saba. Kamati iliuliza kama liondolewe, nikasema libaki.